Jumla ya miraba inakuja tofauti? Anza na 385

Wadau mambo vipi. Mimi nina kimeza changu ndani ya steshenari moja ya Sinza, sio mbali na Mlimani, naprinti, nabaindi, alafu nikipata nafasi nasaidia wanafunzi kazi za data. Na kila wiki lazima aje mtu na laptopu imefunguliwa hivyo hivyo mkononi, betri iko asilimia nne, ananiambia kaka hii programu inakosea hesabu. Sasa niseme ukweli tu, miaka yote niliyokaa hapa programu yenyewe kukosea nimeona mara chache mno, mara nyingi imefanya kile kile ulichoiandikia, sema ulichoandika sio ulichokua unafikiria.

Jumla ya miraba ni kitu kidogo, unachukua kila namba unaizidisha na yenyewe alafu unajumlisha zote, basi. Lakini ndo iko chini ya kila kitu, varianzi (namba zimetawanyika kiasi gani) imo, ANOVA (kulinganisha wastani wa makundi) imo, mstari wa makadirio umo, kwa hiyo ikiharibika hapa chini huko juu kote kunaharibika na wewe unakuja kugundua siku msimamizi wako kashakuzungushia peni nyekundu.

Njia yangu ni hii. Usianze na data zako. Andika 1 mpaka 10 kwenye hio programu yako na utumie amri ile ile unayoitumia kwenye data. Jibu ni 385, unaweza hata kuhakikisha kwa karatasi: 1, 4, 9, 16, 25, 36, 49, 64, 81, 100. Au kwa ile fomula ya kidato cha tano na sita, n(n+1)(2n+1)/6, yani 10 mara 11 mara 21 gawa kwa 6. Sasa utamu wa 1 mpaka 10 ni kwamba ukikosea, kila kosa lina namba yake. Huhitaji kunionyesha kodi yako (yani amri ulizoiandikia kompyuta), niambie tu umepata ngapi nami nakwambia umekosea wapi.

(Ukitaka kipimo cha pili tumia 1 mpaka 24, jibu ni 4900 ambayo ni 70 mara 70. Ukiacha n ikiwa 1, hio 24 ndo pekee ambayo jumla yake nayo inatoka mraba kamili, G. N. Watson alilithibitisha hilo mwaka 1918. Haikusaidii kwenye ripoti yako lakini ni rahisi kuikumbuka.)

Umepata 285, au 506

Umeacha 100, au umeongeza 121. Python (lugha ya kuandikia programu) ukiandika range(1,10) inaishia 9, haifiki 10, andika range(1,11). Kwenye Excel ni safu tu hujaivuta mpaka chini, umeishia A9. Twende.

Umepata 3025

Umejumlisha kwanza ndo ukapandisha kipeo, 55 mara 55. R (programu ya takwimu) ukiandika sum(x)^2 ndo unapata hii, ilitakiwa sum(x^2), mabano yamekaa pabaya. Angalia sana maana 3025 ina sura nzuri, ndo jumla ya 1 mpaka 10 zikiwa kipeo cha tatu, kuna dogo mmoja alibishana na mimi nusu saa kwamba programu imempandishia kipeo cha tatu badala ya cha pili. Zinafanana kihesabu tu, kosa ni mabano.

Umepata 55

Hii naipenda. 55 ni jumla ya 1 mpaka 10 bila kupandisha kipeo chochote, kwa hiyo mtu anaona kabisa kwamba programu imepuuza kipeo. Kama uko Excel au R kweli inawezekana umesahau kuweka ^2. Lakini kama uko Python na umeandika i^2, basi haijapuuza kitu. Kwenye Python alama ya ^ sio kipeo, inalinganisha namba mbili biti kwa biti, yani zile 0 na 1 za ndani ya kompyuta, 3^2 inatoka 1, 5^2 inatoka 7, 2^2 inatoka 0, kila moja ni upuuzi wake. Na kwa bahati mbaya ya dunia upuuzi wote huo kwa 1 mpaka 10 ukiujumlisha unapata 55 kamili. Jaribu mwenyewe: 3, 0, 1, 6, 7, 4, 5, 10, 11, 8. Ndo maana ukiangalia jumla peke yake huwezi kujua kilichotokea, printi kila namba moja moja uone. Dawa yake ni nyota mbili, i**2.

Umepata 5050

R au Octave (programu ya hesabu inayofanana na MATLAB), umeandika sum(1:10^2). Kipeo kinatangulia nukta mbili, kwa hiyo yenyewe imesoma 10^2 kwanza ikawa 100, alafu ikajumlisha 1 mpaka 100. Weka mabano, R ni sum((1:10)^2), Octave ni sum((1:10).^2) na hio nukta kabla ya ^ sio uchafu wa skrini, nitaielezea chini.

Umepata 3410

Excel. Chini ya data ulikua umeshaweka jumla ya kawaida, 55, alafu SUMSQ yako (amri ya Excel ya jumla ya miraba) umeivuta mpaka ikaimeza na hio seli ya jumla. 385 kujumlisha 3025. Kwenye data za kweli hili kosa ni baya kuliko linavyoonekana, maana jumla mara nyingi ni kubwa kuliko data zenyewe na ukiipandisha kipeo inafunika kila kitu.

Umepata 0, au namba ndogo kuliko inavyotakiwa

Hapa ndo wateja wangu wengi wanapoishia. Umeweka =SUMSQ(A1:A10) inakuja 0, ukiandika kwa mkono =A1^2+A2^2 na kuendelea unapata 385 safi, unaanza kusema Excel ina majini. Sio majini. Hizo namba zako ni maandishi. SUMSQ ikipewa safu inaruka kila seli ya maandishi bila kukwambia, lakini ukiandika A1^2 Excel inajitahidi kuyageuza maandishi yawe namba, ndo maana njia mbili zinagombana. Na kama nusu tu ya seli ni maandishi, hupati 0 wala huoni tatizo, unapata jibu pungufu lenye sura ya ukweli, hio ndo ya kuogopa.

Utazijuaje? Namba halisi inakaa kulia kwa seli, maandishi yanakaa kushoto, isipokua kama mtu kaziweka zote katikati kwa ajili ya urembo. Njia ya uhakika ni =COUNT(A1:A10), yenyewe inahesabu namba tu, ikikwambia 7 wakati una mistari 10 basi tatu ni maandishi. Kurekebisha, chagua safu nzima, nenda Data alafu Text to Columns alafu bonyeza Finish moja kwa moja usichague kitu, mara nyingi zinageuka zote. Zikikataa basi kuna nafasi iliyojificha, hasa kama data ulizikopi kutoka kwenye ukurasa wa intaneti, zile nafasi sio za kawaida na TRIM haizigusi, tumia =VALUE(SUBSTITUTE(A1,CHAR(160),"")).

R nayo ina ya kwake. Hela zetu tunaandika na koma, 1,250 au 45,000, sasa read.csv ikiona koma ndani ya namba inasoma safu nzima kama maandishi. Hapo R inagoma kabisa ukiomba x^2, na kugoma ni afadhali. Kibaya ni R ya zamani, kabla ya toleo la 4.0.0 la mwaka 2020, hio ilikua inageuza maandishi kuwa makundi yenyewe bila kuombwa, na ukilazimisha as.numeric unapewa namba za makundi, 1, 2, 3, sio hela zako. Bado kuna kompyuta za maabara zina hio R, nimeziona. Toa koma kwanza: as.numeric(gsub(",", "", as.character(x))).

Umepata mabilioni

Hii ni ya laptopu za mtumba. Umenunua Kariakoo mashine nzuri tu, ilikua ofisini huko Ujerumani au Ufaransa, muuzaji kabadilisha lugha ikawa Kiingereza lakini mipangilio ya nchi kaiacha vilevile. Kule desimali ni koma sio nukta. Kwa hiyo ukiandika 2.5 kwenye mashine ya mipangilio ya Kijerumani, Excel inaona tarehe, mbili mwezi wa tano. Na tarehe kwa Excel ni namba ya siku, mbili Mei 2024 ni siku ya 45414, ukiipandisha kipeo unapata 2062431396 kwa seli moja tu. Mtu anakuja hapa jasho linamtoka, jumla ya miraba bilioni mbili na data zake ni urefu wa majani ya mchicha.

Dalili nyingine ya ugonjwa huo huo, Excel inakataa fomula zenye koma katikati, inataka nukta mkato, =SUMSQ(A1;A5;A9). Nenda kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya nchi, weka desimali iwe nukta. Lakini sikia, zile seli ambazo zimeshageuka tarehe hazirudi zenyewe, ukizibadilisha muonekano unapata 45414 sio 2.5. Andika upya. Pole.

Ile fomula yenyewe inagoma

Wapo wanaoamua kupita njia ya mkato, wanaandika n(n+1)(2n+1)/6 kama ilivyo daftarini. Kompyuta haijui kwamba herufi iliyogusana na mabano ni kuzidisha. Python na Octave zinakataa 2n papo hapo kama kosa la uandishi, na ukirekebisha hio tu, Python inakwambia namba haiitwi kama amri, Octave inadhani unataka kipande cha 11 ndani ya n na n ina kipande kimoja tu, inalalamika umetoka nje ya mipaka. Weka nyota kila mahali: n*(n+1)*(2*n+1)/6. Ukiweka nyota ukasahau mabano, 10*10+1*2*10+1/6, unapata 120.17, nayo nimeshaiona kwenye zoezi la mtu. Python tumia // badala ya / mwishoni, sababu / inageuza jibu kuwa desimali na kwa n kubwa tarakimu za mwisho zinapotea, // inabaki na namba nzima hata iwe ndefu kama foleni ya Ubungo saa kumi na mbili jioni.

Wa SymPy (kifurushi cha aljebra cha Python), jibu la n**3/3 + n**2/2 + n/6 ndo lile lile, limefunguliwa tu, liite factor utaona fomula yako. Wa Maxima (programu ya aljebra), ukiomba sum(k^2,k,1,n) inakurudishia alama ya jumla kama ulivyoiandika, haijakataa, inasubiri uiambie: sum(k^2,k,1,n), simpsum, basi inafungua.

Umepata 82.5, au 9.17, au 8.25, au 19.62

Hapa hujakosea hesabu, umeomba kitu kingine. 82.5 ni jumla ya miraba ya michepuko, yani unatoa wastani kwanza, 5.5, ndo unapandisha kipeo. Kwenye Excel hio ni DEVSQ, wakati SUMSQ ndo ya 385. Ukigawa 82.5 kwa 9 unapata 9.17, varianzi ya sampuli, ukigawa kwa 10 unapata 8.25, varianzi ya kundi zima. Na 19.62 ni kipeuo cha pili cha 385, umetumia norm kwenye Octave bila kupandisha kipeo mwishoni.

Sasa nani anataka ipi? Kwenye takwimu karibu siku zote mwalimu akisema jumla ya miraba anamaanisha 82.5. Kwenye hesabu za mfululizo anamaanisha 385. Watumiaji wa SPSS (programu nyingine ya takwimu) nyie mnaziona zote mbili kwenye jedwali moja la ANOVA na ndo mnachanganyikiwa: mstari wa Total ni 385, mstari wa Corrected Total ni 82.5. Unaotakiwa kwenye ripoti yako ni ule wa pili. Nimeona mtu kachukua Total akaigawanya apate R mraba (sehemu ya tofauti ambayo modeli imeieleza), ikatoka 0.98, akafurahi mpaka akaninunulia soda. Tulipokuja kurekebisha ikawa chini sana, soda nilikua nimeshainywa.

Ugonjwa huo huo uko R ukiondoa namba ya kuanzia kwenye modeli, lm(y ~ x - 1), R yenyewe inabadilisha kipimo kutoka michepuko kwenda miraba ghafi, na R mraba inapaa juu. Modeli haijawa nzuri, kigawanyio ndo kimekua kikubwa.

Octave na MATLAB: inagoma, au inatoa jedwali zima

Ukiandika x^2 na x ni orodha, inagoma na inakwambia kipeo hicho ni cha matriksi za mraba tu, tumia .^ kwa namba moja moja. Ndo ile nukta. Ukiandika x'*x na ukapata jedwali la 10 kwa 10 basi orodha yako imelala wakati ulidhani imesimama, geuza iwe x*x', au acha hayo mambo andika sum(x(:).^2) ambayo haijali orodha imelala au imesimama.

Lakini kugoma sio shida, nimeshasema. Shida ni pale isipogoma. Chukua matriksi ya mraba, A=[1 2;3 4]. Jumla ya miraba yake ni 1+4+9+16, yani 30. Ukiandika A^2 Octave inazidisha matriksi kwa matriksi, halali kabisa, inatoa 7, 10, 15, 22, jumla 54. Hamna onyo hamna nini. Na hata ukiweka nukta, sum(A.^2) inakupa 10 na 20, jumla ya kila safu, ukichukua ile ya kwanza tu umepotea. Ukihamia R ni kinyume, kule A^2 tayari ni namba moja moja na ukiijumlisha inatoa 30, kwa hiyo anayekopi kodi ya R akaipesti Octave ndo anaumia.

Na kama data ni picha, namba zake ni za biti 8, zinaishia 255. uint8(20)^2 inatoka 255 badala ya 400, inagonga dari inakaa hapo. Weka double(x) kabla ya chochote.

1 mpaka 10 iko poa ila data zangu bado

Sawa, maana yake amri yako ni nzima, tatizo ni ukubwa wa namba au uchafu.

Anza na uchafu. Dodoso nyingi zinaweka 99 au -99 au 999 pale mtu alipokataa kujibu. Kwenye wastani inakuvuruga kiasi, lakini kwenye miraba -99 moja inaongeza 9801 na 999 moja inaongeza 998001. Panga data kutoka ndogo kwenda kubwa uangalie ncha zote mbili, dakika moja tu. Nyingine ni kuchuja mistari kwenye Excel, unaficha wanaume ubaki na wanawake, SUMSQ inaendelea kuhesabu wote hata waliofichwa. Tengeneza safu ya pembeni yenye miraba alafu tumia =SUBTOTAL(109, hio safu), yenyewe inaheshimu unachokiona.

Kama ni NumPy (kifurushi cha namba cha Python) na unapata namba hasi, ambayo jumla ya miraba haiwezi kuwa hasi hata iweje, basi umejaza biti 32, yani namba imezidi nafasi iliyotengewa. Ngoja nikupe mpaka wenyewe: 1 mpaka 1860 inatoka 2146682110 na inaenea, ukiongeza 1861 inapita 2147483647 na inazunguka inatoka -2144821865. Walikuja marafiki wawili na kodi moja, mmoja ana Linux mwingine Windows, mmoja sahihi mwingine hasi, karibu wagombane. NumPy ya kabla ya 2.0, iliyotoka 2024, kwenye Windows ilikua inatumia biti 32 bila kusema. Apdeti, au kama bando haliruhusu weka dtype=np.int64 ndani ya arange. R yenyewe ina ustaarabu zaidi, 50000L*50000L inakupa NA na onyo juu, na ukitumia ^ inahamia desimali haijai.

Excel haijai ila inakata. Inashika tarakimu 15 tu. 1 mpaka 300001 jibu ni 9000135000650001, Excel inakuonyesha 9000135000650000, ile 1 ya mwisho imeondoka. Kwa kazi nyingi haina maana, kwa zoezi la namba nzima inakunyima alama, hamia Python.

Na hili la mwisho ni la ujanja. Kuna fomula ya mkato ya michepuko, jumla ya miraba toa jumla mraba gawa kwa n, 385 toa 3025/10, 82.5, safi. Sasa ongeza bilioni moja kwenye kila namba, 1000000001 mpaka 1000000010. Michepuko haijabadilika, jibu linatakiwa libaki 82.5. Lakini sasa unatoa namba mbili zilizo karibu na 10 kipeo cha 19, na kule juu desimali za kompyuta zinaruka kwa hatua za 2048, kwa hiyo tofauti inaweza kuwa 0, au 2048, au hata -2048, ila 82.5 haiwezi kutoka hata kompyuta ikitaka. Ukipata hasi alafu ukaomba kipeuo, ndo ile #NUM! au NaN inayokutokea. Excel yenyewe ya kabla ya 2003 ilikua na ugonjwa huu ndani ya VAR na STDEV. Toa wastani kwanza ndo upandishe kipeo, au tumia DEVSQ. Kama data zinakuja moja moja na huwezi kuzishika zote, tafuta njia ya Welford ya mwaka 1962, mistari mitatu tu ya kodi.

Kikokotoo

Umepata 770 kwenye Casio? Hujafuta data za mwanzo, umeingiza 1 mpaka 10 mara mbili. Kwenye fx-82MS ni SHIFT, MODE, 1, sawasawa. Na angalia alama ya kutoa, ukibonyeza -3² unapata -9, Python na R vilevile, ila Excel =-3^2 inakupa 9. Weka mabano kila sehemu usikariri nani anafanya nini.

SPSS na R zinagombana

Nimeacha hii mwisho kwa sababu ndo inayoumiza kweli. Dada mmoja alikuja na data za uzito wa samaki wa Feri, aina tatu za nyavu na misimu miwili, kafanya ANOVA kwenye SPSS, msimamizi kamwambia arudie kwa R, na miraba imetoka tofauti kila mstari.

Kwanza tukaangalia safu ya df (digrii za uhuru, makundi toa moja). Nyavu tatu lazima df iwe 2. Kwenye R yake ilikua 1, maana nyavu aliziandika 1, 2, 3 na R ikazichukua kama namba za kupima, kana kwamba wavu wa tatu ni mara tatu ya wavu wa kwanza. Ukiweka factor(wavu) df inakua 2. Hii angalia kabla ya kitu kingine chochote, na usiishie kuangalia miraba, angalia df.

Tukarudia, mstari wa mabaki (kile ambacho modeli haijakieleza) ukalingana, ila ya nyavu na msimu bado hazilingani. Sasa hapo ndo tukafika kwenye aina. Samaki wake hawakulingana idadi, msimu mmoja alipata wengi mwingine wachache, na idadi zisipolingana nyavu na msimu zinakua zinagombea sehemu ya maelezo ambayo ni ya wote wawili. aov ya R inatumia aina ya kwanza, ni kama mlango wa mwendokasi asubuhi, anayetangulia anachukua siti, aliye nyuma anagawiwa kilichobaki. SPSS yenyewe inatumia aina ya tatu, kila mmoja anapewa kile tu ambacho hakuna mwingine angeweza kukieleza, ile sehemu ya pamoja haipewi mtu. Ndo maana aina ya kwanza ukijumlisha mistari yote na mabaki unapata Corrected Total kamili, aina ya tatu haijumlishiki hivyo. Kama makundi yangekua na idadi sawa, zote zingetoka sawa na asingewahi kujua.

Kipimo chake ni rahisi, badilisha mpangilio kwenye R, y ~ wavu*msimu alafu y ~ msimu*wavu. Namba zikihama uko aina ya kwanza na data hazina uwiano. Kupata ya SPSS kwenye R unatumia Anova ya kifurushi cha car na type=3, lakini, na hapa wengi wanaanguka, lazima kabla ya kujenga modeli uandike options(contrasts=c("contr.sum","contr.poly")). Bila hio R inakupa aina ya tatu ya jina tu, mistari ya nyavu na msimu inapima kitu kingine kabisa pale ambapo modeli ina muingiliano. Na hio mipangilio ukiiandika baada ya modeli haifanyi kazi, jenga modeli upya.

Tulipoiweka zikalingana mpaka desimali ya tatu. Nikamwambia aongeze mstari mmoja kwenye ripoti useme ametumia miraba ya aina ya tatu na kwa nini, akauandika pale pale amesimama, akanipa flashi nikaprinti nakala tatu.